Nishani ya Marehemu Hadia

Katika Jamhuri ya Shwari watetezi wa wanyonge huheshimiwa sana, ilimradi wawe wamekufa. Kila mwaka serikali humchagua mmoja wao na kumtunuku Nishani ya Jasho, Haki na Amani, nishani nzito ya shaba yenye utepe wa kijani, mbele ya mabalozi, mashekhe, maaskofu na redio ya taifa. Nchi nyingine huwafunga wapigania haki wao. Shwari nayo huwafunga, lakini haiishii hapo. Msomaji akiona nchi hii inafanana na anayoijua, macho yake yanamdanganya. Nchi hii haipo, na wakubwa wake wamesisitiza jambo hilo liandikwe mapema.

Sheria ya Nishani ni nzuri mno, na wageni hutokwa na machozi wakiisoma. Inasema kwamba siku ya sherehe mshindi atasogezewa kipaza sauti ataje ombi moja, lolote lile, na kwamba Mlezi Mkuu wa Taifa atasimama kwa heshima na hataketi mpaka ombi hilo litimie. Wabunge walipouliza kama ukarimu huo haukupita kiasi, Waziri wa Kazi na Utulivu aliwatuliza kwamba washindi wote watakuwa marehemu. Muswada ukapita kwa vigelegele.

Basi kila mwaka picha ya marehemu husimamishwa jukwaani, kipaza sauti huelekezwa kwenye picha, na ukumbi mzima hunyamaza kumsikiliza. Baada ya muda Mlezi Mkuu hutikisa kichwa kama mtu aliyenong'onezwa jambo zito, husema, "Nimelisikia, nimelikubali," kisha huketi. Mwaka mmoja alieleza kwamba marehemu, aliyekuwa kiongozi wa makuli wa bandarini, ameomba uwanja mpya wa ndege upewe jina la Mlezi Mkuu. Makuli wenzake walistaajabu jinsi kifo kinavyombadilisha mtu.

Mwaka tunaouzungumzia, nishani ilimwangukia marehemu Hadia binti Mkwizu, mshonaji wa bendera. Kulikuwa na tatizo dogo. Marehemu alikuwa uani kwake, anachambua mchele.

*

Bi. Hadia alishona bendera tangu usichana wake katika Kiwanda cha Bendera cha Taifa, na muda wote huo alishona amesimama. Wote walisimama. Katika Shwari ni kosa la jinai kuketi mbele ya bendera, na mshonaji, hata umtetee vipi, yuko mbele ya bendera kutwa nzima. Cherehani za kiwanda zilitengenezewa miguu mirefu, mwanamke akawa mguu mmoja unakanyaga na mwingine unabeba mwili. Jioni viatu haviingii tena, wanavibeba mkononi. Mishipa iliwajaa kwenye mashavu ya miguu, minene kama kamba za kisimani. Wapo walioharibikiwa na mimba pale pale kwenye cherehani, na siku hizo msimamizi aliwaruhusu wenzao kuwashika mikono, mradi wawashike wamesimama.

Bi. Hadia hakuwa mtu wa siasa. Alichotaka ni vigoda. Kila Ijumaa alikwenda Ofisi ya Malalamiko ya Wafanyakazi kueleza hoja yake, kwamba bendera isiyokwisha kushonwa bado ni kitambaa, na mbele ya kitambaa mtu anaweza kukaa. Wanasheria wa serikali waliichunguza hoja hiyo kwa makini. Wakaamua kwamba bendera huwa bendera tangu mkulima anapopanda pamba. Kuanzia msimu ule wakulima wa pamba nao wakapigwa marufuku kuketi mashambani.

Shoga yake Kidawa, wa cherehani ya jirani, hakuwa na subira hiyo. Siku moja aligeuza ndoo, akaiweka nyuma ya cherehani yake, akaketi. Akashona bendera nzima ameketi, na waliokuwepo wanaapa kwamba haijapata kutoka bendera yenye mishono iliyonyooka vile. Msimamizi alipopata pumzi akapiga filimbi. Kidawa akahukumiwa kifungo kwa kuketi makusudi mbele ya bendera changa, na ndoo ikachukuliwa kuwa kielelezo.

Bi. Hadia alipokwenda kumwona gerezani alijikaza, lakini machozi hayakumtii.

"Usinililie, shoga," Kidawa alimwambia. "Huku angalau tunakaa wote."

Bi. Hadia alirudi nyumbani na neno hilo moyoni, likamkaa kama mwiba wa samaki kooni. Alimpenda Kidawa kama nduguye wa tumbo moja, na kumwacha mle ndani kulimuuma kuliko miguu.

Akazidisha malalamiko. Bahati mbaya Ofisi ya Malalamiko ilikuwa imehama. Iliamuliwa ihamie mahali ambapo wananchi hawataisumbua, na kwa sababu hiyo hiyo wananchi hawakuambiwa ni wapi. Bi. Hadia aliendelea kwenda kwenye jengo la zamani, ambako hakubaki mtu ila Mzee Ndauka, mlinzi waliyemsahau pamoja na mafaili mabovu. Ndauka alimpa benchi, akamsikiliza Ijumaa hata Ijumaa, akitikisa kichwa na kusema, "Nimekupata, mama, endelea." Bi. Hadia alirudi kwake kila mara akiamini mambo yanashughulikiwa. Na kusema kweli, tangu ofisi ile ianzishwe hakuna mlalamikaji aliyepata kusikilizwa vizuri kuliko yeye.

Huko ofisi mpya faili lake likawa kimya. Kwa kanuni za Shwari, mlalamikaji asipolalamika kwa miaka mitatu huhesabiwa amefariki, kwa kuwa haijawahi kutokea akawa ameridhika. Jina lake likapelekwa Kamati ya Nishani pamoja na salamu za rambirambi.

*

Bwana Faraji Kitundu, Katibu wa Kamati ya Nishani, alikuja mwenyewe kuwapa pole wafiwa. Alivaa suti nyeusi, na uso wa msiba alikuwa ameufanyia mazoezi kwenye kioo cha gari.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," alisema Bi. Hadia, ungo ukiwa mapajani.

"Shikamoo, mama. Poleni sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Msiba wa nani tena?"

"Wa Bi. Hadia binti Mkwizu."

Bi. Hadia aliuweka ungo chini taratibu. "Hadia binti Mkwizu ndiye mimi."

Katibu aliitazama barua yake, akamtazama mwenye nyumba, akairudia barua. "Una uhakika, mama?"

"Nimeamka naye leo."

Bwana Kitundu aliketi kwenye jamvi bila kuambiwa aketi. Kadi zilikwisha kuchapwa. Kwaya ilikwisha kujifunza wimbo wa maombolezo, tena wa sauti nne. Zaidi ya yote, uamuzi ulikuwa na muhuri wa Mlezi Mkuu, na katika Shwari muhuri ule haukosei. Palikuwa na mtu aliyekosea, na kila alivyolipima jambo, aliona mtu huyo ni Bi. Hadia.

"Mama yangu," alisema kwa upole, "sikulaumu. Kuishi ni haki ya kila mtu, hata katiba imeitaja. Lakini nakuomba kwa heshima siku hiyo uje kama ndugu wa marehemu. Utapokea nishani, utakaa kimya, utarudi nyumbani. Baada ya hapo una uhuru wa kuendelea kuishi."

"Na marehemu mwenyewe haruhusiwi kusema?"

"Anaruhusiwa sana! Sheria inampa ombi moja." Na kwa kuwa Bwana Kitundu aliipenda sheria ile kwa dhati, akamsomea kifungu chote, pale kwenye jamvi, kwa sauti ya redioni.

"Ombi lolote?" aliuliza Bi. Hadia.

"Lolote, mama."

"Na Mlezi Mkuu hakai mpaka litimie?"

"Hakai. Na yeye akiwa amesimama hakuna mwingine anayekaa. Ndiyo heshima yenyewe."

Bi. Hadia akauchukua ungo wake, akatoa chuya moja, akaitupa kwa kuku. "Nitakuja," alisema. Katibu akaondoka na moyo mweupe, akijisifu kwamba kazi ngumu ameimaliza bila jasho.

*

Ombi lilikuwa moja, na yeye alikuwa na haja mbili. Hilo ndilo lililomnyima raha Bi. Hadia. Akiomba Kidawa atoke, Kidawa angerudi kusimama kwenye cherehani, na kwa alivyomfahamu, angegeuza ndoo nyingine kabla jua halijatua, akarudishwa jela. Akiomba vigoda, wenzake wangekaa, na Kidawa aliyeanzisha jambo hilo angebaki ndani, akiyasikia hayo kwa majirani wa selo.

Ijumaa akaenda kumwaga yote kwa Mzee Ndauka. Alianza na Kidawa, akaja kwenye vigoda, akarudi kwa Kidawa.

"Nimekupata, mama," alisema Ndauka. "Endelea."

Akaendelea. Alisema kama Kidawa angetolewa tu, haifai. Kama vigoda vingeletwa tu, haifai. Labda Kidawa na kigoda, kimoja, chake, mahali pale pale alipokamatwa... Hapo Bi. Hadia akanyamaza mdomo wazi.

"Nimekupata, mama. Endelea."

"Basi," alisema Bi. Hadia. "Leo nimemaliza." Ndauka alisikitika kidogo, maana Ijumaa zilikuwa fupi siku hizi.

*

Ukumbi wa Utulivu ulijaa mpaka milangoni. Viti vyake ni vya mahameli nyekundu, vyenye mito, na cha Mlezi Mkuu kina nakshi ya dhahabu na mahali pa kuwekea viwiko. Jukwaani palikuwa na picha ya marehemu. Kamati haikuwa na picha yake nyingine ila ile aliyopigwa kituo cha polisi mwaka alipobeba bango la kudai vigoda, kwa hiyo kibao cha namba alichoshika kilifunikwa kwa maua.

Waziri wa Kazi na Utulivu alihutubia. "Waheshimiwa," alisema, "marehemu Hadia alikuwa mwiba, lakini mwiba wetu wenyewe, uliokulia katika mbuga zetu. Alipodai, tulimsikia. Alipolia, tulimsikia. Serikali hii haina tatizo la masikio. Tulimpenda alipokuwa hai kwa namna ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuitambua, na sasa amekwenda mahali ambapo, naamini, watu wote wamekaa."

Bi. Hadia aliyasikiliza hayo kutoka safu ya wafiwa, akiwa amejifunika khanga yake bora. Alijisikia kulia kwa msiba wake mwenyewe, maana kwaya iliimba vizuri kweli.

Kisha Mlezi Mkuu alisimama, na ukumbi wote ukasimama. Nishani ikavikwa kwenye picha. Kipaza sauti kikaelekezwa kwenye picha. Mafundi wa redio, ambao kila mwaka sehemu hii hurusha ukimya, walikuwa wamekwenda kunywa chai na kuuacha mtambo wazi. Ndipo Bi. Hadia alipotoka kwenye safu, akapanda jukwaani, akasimama kando ya picha. Watu waliitazama sura ya kwanza, wakaitazama ya pili.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba," alijibu Mlezi Mkuu, kwa mazoea, kabla hajajua anamjibu maiti.

"Mimi ndiye Hadia. Ombi langu ni moja, wala si kubwa. Kidawa binti Shomari, aliyefungwa kwa kuketi, aketi kwenye kiti, mbele ya cherehani yake, kiwandani, na asiguswe na mtu. Ni hilo tu. Ahsanteni."

Mabalozi walipiga makofi, wakidhani ndivyo sherehe ilivyopangwa. Waziri alimsogelea Mlezi Mkuu. "Huyu amekufa, Mheshimiwa," alinong'ona. "Hana haki ya kusema."

Bwana Kitundu alimwogopa Waziri, lakini mapenzi yake kwa sheria yalikuwa makubwa kuliko hofu. "Samahani, Mheshimiwa Waziri. Kwa kuwa amekufa, ndiye pekee mwenye haki ya kusema."

Mlezi Mkuu alitabasamu mbele ya mabalozi. "Nimelisikia, nimelikubali," alisema, akakunja magoti.

"Bado, Mheshimiwa," alisema Katibu. "Halijatimia." Na mabalozi, kila mmoja akiwa na kijitabu cha sheria mkononi, walitikisa vichwa kwa kuvutiwa.

*

Kumtoa Kidawa haikuwa kazi. Mkuu wa Magereza alikuwemo ukumbini, akatia saini hati juu ya mgongo wa Naibu Waziri, kwa kuwa hakuweza kuketi mezani. Shida ilikuwa kiti. Serikali ya Shwari hainunui kiti bila zabuni, zabuni haifunguliwi bila tangazo gazetini, na tangazo husubiri siku tisini ili kuzuia haraka. Kanuni hiyo ilitiwa saini na Mlezi Mkuu mwenyewe, siku ambayo alikuwa ameketi.

Mwanzoni alisimama kama anavyosimama kwenye noti. Baadaye akaanza kuhamisha uzito, mguu huu, mguu ule. Baadaye tena akaiegemea meza, akijifanya anaipapasa kwa upendo. Ukumbini askofu mmoja alikwisha kuvua viatu. Mke wa balozi alimwegemea shekhe asiyemjua, na shekhe akamwachia bega kwa ajili ya amani. Bi. Hadia alizitambua dalili zote. Akamhurumia Mlezi Mkuu, kwa sababu maumivu yale hata adui humwombei.

"Legeza goti la kushoto, Mheshimiwa," alimwambia polepole. "Halafu badilisha. Sisi hufanya hivyo mpaka adhuhuri. Baada ya hapo haisaidii."

Mlezi Mkuu alilegeza goti la kushoto. "Ninyi husimama mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jua litue."

"Kila siku?"

"Ijumaa tunatoka mapema."

Alitazama ncha za viatu vyake. "Mbona hamkusema?"

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, Mheshimiwa. Tulisema. Ila mimi nimeambiwa leo tu kuwa maiti ndiye husikilizwa."

Mlezi Mkuu alishika mgongo wa kiti chake cha dhahabu, akakisukuma kuelekea kwa Waziri. "Pelekeni hiki," alisema. "Zabuni mtaandika kesho."

Kiti kikaondoka kwa msafara, ving'ora mbele, pikipiki ubavuni, wananchi wakipunga mikono barabarani kwa mazoea. Ukumbi ukasubiri. Hatimaye simu ya Bwana Kitundu ikalia, akaisikiliza.

"Kidawa amefika, Mheshimiwa. Kiti nacho kimefika."

"Kwa hiyo ameketi."

"Hakai."

"Kwa nini hakai?" aliuliza Mlezi Mkuu, kwa sauti iliyosikika nchi nzima, maana mtambo ulikuwa bado wazi.

"Anasema huko alikotoka walikuwa wanakaa wote. Anasema hakai mpaka wenzake wakae."

Hilo Bi. Hadia hakulipanga. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa khanga, na chini ya khanga alikuwa analia. "Ndiye Kidawa huyo," alisema. "Ndiye haswa."

Kilichofuata kinasimuliwa mpaka leo. Mawaziri walivua makoti na kubeba viti vyekundu wenyewe, wawili wawili, kwa mbio ambazo hazijapata kuonekana serikalini. Waziri wa Kazi na Utulivu alibeba vitatu. Magari ya msafara yalikwenda yakarudi, yakapakia yakaenda tena, mpaka ukumbi ukabaki zulia na watu waliosimama juu yake. Simu ikalia tena. Safari hii Bwana Kitundu hakuisogeza sikioni, aliielekeza kwenye kipaza sauti, na nchi nzima ikasikia mlio wa cherehani nyingi zikishona kwa pamoja.

"Wameketi," alisema. "Wote."

Mlezi Mkuu alikunja magoti, akatafuta kiti kwa mkono, hakukuwa na kiti. Akashuka hivyo hivyo mpaka zuliani. Maaskofu wakashuka, mashekhe wakashuka, mabalozi wakashuka, serikali yote ya Shwari ikakaa chini kama watu wa msibani. Bi. Hadia naye akakaa, akanyoosha miguu mbele yake. Kwa muda mrefu hakuna aliyetoa hotuba.

*

Asubuhi yake gazeti la serikali lilitoka na kichwa cha habari kikubwa: MLEZI MKUU AGUNDUA KUKETI. Wiki hiyo hiyo Sheria ya Nishani ilirekebishwa, na tangu hapo mshindi ni lazima athibitishwe na madaktari watatu pamoja na mchimba kaburi. Viti vyekundu vilibaki kiwandani, kwa kuwa hakuna waziri aliyejitolea kuvibeba kurudi. Kila mshonaji aliandikiwa chake, isipokuwa Bi. Hadia. Kwenye vitabu vya serikali alikuwa bado marehemu, na marehemu hapewi samani.

Mwaka uliofuata ikatangazwa Sikukuu ya Kuketi Kitaifa. Kwa heshima ya ugunduzi huo, wananchi wote walitakiwa kusimama uwanjani tangu alfajiri, juani, wakisubiri hotuba. Wanawake wa kiwanda walipangiwa kuwa mstari wa mbele ili waonekane vizuri kwenye picha.

Walikuja. Kila mmoja alikuja na kiti chekundu kichwani, na Kidawa aliyekuwa mbele yao alikuwa na kiti kichwani na ndoo mkononi, ile ile ya kielelezo aliyorudishiwa gerezani na lebo yake ya mahakama. Walipofika mahali pao wakavitua viti, wakaketi, nyuso zikielekea jukwaani penye bendera kubwa kuliko zote walizowahi kuishona. Msimamizi wa kiwanda akapeleka filimbi mdomoni, akamtazama Mlezi Mkuu. Mlezi Mkuu alikuwa amesimama, goti la kushoto limelegea. Alitikisa kichwa kukataa, na filimbi ikashuka bila kulia.

Aliyebaki wima katika mstari ule alikuwa Bi. Hadia peke yake. Kidawa akaigeuza ndoo, akaifuta vumbi kwa ncha ya khanga, akaisogeza karibu na kiti chake.

"Kaa, marehemu," alimwambia.

Bi. Hadia akakaa.